Kharifu Gani

Al-Khuwair, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.
Aliyelipa ni binti yangu Ilham, riyali thelathini na tano:
"Zawadi ya kustaafu, mama. Ujue rangi zako."
Nikamwambia rangi yangu naijua,
niliambiwa mapema.

Muzna akanipangusa uso kwa pamba.
Wanja ukatoka, poda ikatoka,
ikatoka na ile adabu ninayojipaka nikitoka nyumbani.
Akanifunga nywele kwa kitambaa cheupe.
Nikasema, mwanangu, bado sijafa.
Akanikalisha dirishani:
"Mwanga wa saa nne hausemi uongo."

Akaanza kunitandazia vitambaa kifuani,
kimoja juu ya kimoja, kama mwenye duka Ruwi
aliyenusa harusi.
Waridi: nikawa mgonjwa.
Samawati: nikawa nimekesha msibani.
Kijivu: nikawa karani, kama nilivyokuwa
miaka ishirini na minane, dirisha la mita za maji.
Wanawake wakipita kiooni,
wengine nawajua, wengine hatujawahi kusalimiana.

Nyeusi.
Alisita kidogo kabla hajaiweka.
Akashusha sauti kama daktari:
"Khalati, nyeusi inakumeza."
Tukatazamana. Mlangoni, nyuma yake,
baibui langu limening'inia, jeusi,
na lake kando, jeusi vilevile.
Tulicheka mpaka pini zikamdondoka.

Halafu manjano. Si ya limau. Ya bizari,
ya mchuzi uliokwisha tulia jikoni.
Nikainua mkono kuikataa.
Nilikuwa na miaka tisa, harusi ya dada,
nguo zimetandikwa kitandani tuchague,
na shangazi Shinuna, mbele ya watu:
"Huyu mweusi wetu mpeni kijivu.
Manjano waachieni weupe,
asije akawa nzi juu ya papai."
Walicheka. Na mimi nilicheka.

Muzna hakuyajua hayo. Akaushusha mkono wangu taratibu,
akalaza kitambaa,
na kiooni akaja mwanamke ana mashavu,
maji ya kunde iliyowashwa kwa ndani.
Sikujua nimwamkie vipi.

"Wewe ni kharifu," akasema.

Kharifu gani? Huku kharifu ni Salala:
ukungu, ngamia kwenye majani mabichi,
foleni ya magari kutoka Dubai kuja kutazama manyunyu.
"Siyo hiyo, khalati. Ya kwenye chati.
Ile ya majani kupukutika."
Marehemu mama angeiita vuli,
na vuli yake ilikuwa matope ya Wete,
kuni mbichi, na moshi unaokataa kutoka.
Neno moja, misimu mitatu,
na hapa Maskati hatuna hata mmoja.
Tuna joto, na joto lililoongezwa.

Nje, saa sita inakaribia.
Mji mzima mweupe, baladia imeuamulia,
hakuna aliyeushika kidevu akaugeuza dirishani.
Majabali nyuma yake yana rangi ya karafuu kavu
na hayajauliza mtu.

Nikalivaa baibui, nikalifunga hadi shingoni.
Mkobani mna kadi ya vipande vya rangi.
Nikapitia Mabela kwa fundi Shajahan,
nikaweka kidole kwenye bizari:
mita tatu na nusu, mikono mirefu.
"Harusi?"
"Hapana."
"Idi bado mbali, mama."
"Ya Jumanne," nikamwambia.

Jumanne ndiyo zamu yangu ya kumpelekea uji
shangazi Shinuna. Ana miaka tisini na mbili.
Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho.
La kulia, daktari anasema,
rangi kali bado linaziona.